Sarafu za zamani: nishike enzi gani, niache zipi?

Mwana_Langoni (Lamu)

Salaam aleikum wanajamvi. Nina duka dogo la nyuzi za kuvulia na ndoana hapa Langoni, na mwaka mzima sasa nimeshikwa na maradhi ya sarafu za zamani. Yalianza na kopo la biskuti aliloliacha marehemu babu. Ndani mlikuwa na senti za tundu, thumni zilizofutika sura, rupia mbili na shilingi za Kenyatta za 1966. Siku hizi kila nahodha atokaye Faza au Kizingitini ajua nanunua. Meza imejaa, mke wangu ameanza kuuliza maswali.

Shida ni kwamba nanunua ovyo. Leo pesa ya Mombasa ya 1888, kesho hela ya Mdachi, keshokutwa shilingi arubaini ya 2003 yenye sura ya Kibaki. Na bajeti yangu ni Sh 3,000 kwa mwezi, haizidi. Mwezi uliopita nilivunja sharti hilo, nikatoa Sh 6,000 kwa riale moja ya fedha yenye sura ya mwanamke mnene na mwaka 1780. Muuzaji alinambia imetoka kwenye jahazi lililozama. Nikamwamini, kwani mwaka si umeandikwa pale pale?

Sasa nataka nishike enzi moja. Ipi? Nafikiria tatu: Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki na rupia, yaani 1888 hadi 1920, shilingi za Mwingereza, au Kenya huru. Halafu kuna kijana wa Manda asema ana sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba. Roho yanituma niinunue.

Mzee_wa_Mambrui

Mwanangu, tuanze na hiyo riale. Mwanamke huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria. Alikufa 1780, na riale zake ziliendelea kupigwa baada yake kwa mwaka ule ule. Zilipigwa Vienna, na karne iliyopita zikapigwa hata London, Roma, Paris na Bombay, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu walishaizoea sura ya mama yule, hawakutaka nyingine. Kwa hiyo 1780 haikwambii kitu. Yako yaweza kuwa ilipigwa babako akiwa chuoni asoma juzuu. Fedha ipo, gramu 28 kwa uzani, sonara hatakufukuza. Lakini jahazi halikuzama.

Ya Mchina usiiguse. Mwaka 2010 ilichimbuliwa moja huku kwetu Mambrui, na mwaka 2013 ikatangazwa nyingine iliyopatikana Manda, zote za Yongle, aliyetawala China 1402 hadi 1424. Zilipatikana na watafiti, na ndiyo maana zina la kusema: walijua zimelala tabaka gani, pamoja na vigae gani. Ya huyo kijana ikishatiwa mfukoni ni kipande cha shaba tu. Tena sheria yetu ya makumbusho na turathi ya 2006 yahesabu kitu kilichoundwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa ni cha kale, na anayekiokota apaswa kutoa taarifa. Mpeleke Makumbusho ya Lamu, ni hapo ukingoni, hata nauli ya punda hamtolipa. Na uangalie, pesa yako ya 1888 nayo iko upande huo wa mwaka. Ya babu kuwa koponi ni jambo moja, kununua na kuuza ni jingine. Ulizia habari ya leseni kabla hujanunua ya pili.

Sasa enzi. Mimi nilianza kama wewe, kila kitu, nikawa na ndoo badala ya mkusanyo. Mwisho nikashika senti za tundu peke yake, na sijajuta. Ukianzia zile za alumini za 1907 na 1908, ambazo hewa yetu ilizila, hata 1909 wakaleta za shaba na nikeli, mpaka zile za 1964, unapitia wafalme wanne wa Kiingereza, malkia mmoja, kisha hapana mtu: za 1964 zimeandikwa Afrika Mashariki tu, jina la mwenye taji limeondoka. Hapo katikati rupia inakwenda zake, 1920 inakuja florini, haijapata joto shilingi ya 1921 imeiondoa. Yote hayo wayashika kiganjani kwa bei ya kilo mbili za changu, au pungufu.

Ile niipendayo ni ya 1936. Edward wa Nane hakutimiza mwaka, Desemba akajiuzulu bila kutawazwa. Lakini senti tano na kumi zetu hazikuwa na sura ya mfalme, kwa sababu ya tundu, ni jina na taji tu, basi zikawahi kupigwa kwa jina lake. Soma EDWARDVS VIII, kisha tafuta herufi ndogo: H au KN, viwanda viwili vya Birmingham. Si adimu. Mie ya kwanza niliipata kwa muuza kahawa akiitumia kama pete ya fimbo yake.

Na usizisugue kwa ndimu na majivu! Nakuona.

Binti_Shela_Ughaibuni

Kaka, mie niko Marekani miaka tisa. Bosi wangu akusanya kadi za wachezaji wa baseball, na swali lake ni hili lako: enzi gani. Kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya kampuni ya Topps, ya 1952, iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Lakini za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 zilichapwa kupita kiasi na kila mtu akazificha akingoja utajiri. Yeye ana makasha kumi gereji, hapati hata wa kumpa bure. Ile arubaini ya Kibaki waniambia nani hana? Mamangu anazo tatu kabatini.

Thumni_Malindi

Mie nampinga Mzee, kwa adabu. Kenya huru ni rahisi kuikamilisha na ni yetu. Shilingi za 1966 zina Kenyatta bila maandishi, kuanzia 1969 jina lake likazunguka sura. Kuna senti 25 ambayo wadogo zangu hawajawahi kuiona, na shilingi tano ya 1973 yenye pembe tisa. Bibi zetu wanazo kwenye makasha, hawadai kitu ila usikilize hadithi. Utajiri nani kautaja?

Mwana_Langoni

Ahsanteni. Mzee, shikamoo, na ndimu nilishatia, zile thumni sasa zang'aa kama vijiko vya harusi. Kijana wa Manda nimemwambia makumbusho, amekasirika, hajarudi.

Nimeshika senti za tundu. Za Kenya huru nitaziweka zile za babu tu, Thumni usinune. Jana usiku nimezipanga kwa wafalme juu ya mkeka, nina kumi na tisa, na hamna hata moja ya 1936. Asubuhi naenda kwa mamangu Mkomani kumwomba ufunguo wa sanduku, naona umefungwa kwa uzi na senti kumi yenye tundu, imekuwa nyeusi. Nimeigeuza dirishani: EDWARDVS VIII, KN.

Nimempa Sh 500. Amezipokea, akazitia kwenye mkoba, kisha akanambia uzi haufunguliwi.