Naomba ushauri: dakika za mwisho za kikapu zinachosha kwenye TV

Habari wakuu. Ligi tunayorusha inatumia kanuni za FIBA (shirikisho la kikapu duniani), robo nne za dakika 10. Kero ni dakika 2 za mwisho: timu iliyo nyuma inafanya faulo makusudi ili saa isimame, taimauti zinafuatana, mtazamaji anabadili chaneli. Tumejaza kwa marudio na mahojiano ya benchi, wapi! NBA walipunguza taimauti mwaka 2017 kutoka 18 hadi 14, ila faulo hazitibiki hivyo. Navutiwa na CEBL, ligi ya kikapu ya Kanada: mpira ukisimama zikiwa zimebaki chini ya dakika 4, saa inazimwa, lengo linawekwa kuwa pointi za anayeongoza jumlisha 9, timu inayofikia lengo hilo kwanza imeshinda.

Je, bila saa, niweke dakika ngapi za akiba kwenye ratiba? Na matangazo ya taimauti za mwisho yahamie wapi?