Wasee wa Kisumu, laibrari inaweza kunisaidia kupata kazi kweli?

Jakondele:
Habari zenu wakubwa. Nina swali na msinicheke. Nilimaliza diploma ya umeme 2022 na tangu hapo natarmaki tu, mjengo ikipatikana naenda, ikikosekana nakaa kwa kinyozi ya binamu yangu hapa Kondele nachajia watu simu. Ile pesa kidogo napata inaishia kwa bando na saiba, kumi hapa ya kuprinti, ishirini pale ya kuskani, na nikihesabu nimetuma maombi kama arobaini sasa na hakuna hata mmoja ameniita. Wiki jana shangazi akaniambia niwache kukaa saiba niende laibrari hapa town, ati kuna kompyuta na magazeti yote. Mimi najua laibrari ni ya watoto wa form four kurivaizi, mara ya mwisho niliingia nikiwa form three na tulifukuzwa juu ya kelele. Sasa nauliza, kuna mtu hapa ameitumia kutafuta kazi, sio kusoma, kutafuta kazi kabisa? Unaingia unasema nini pale kaunta? Na ukweli wa mambo sijui hata kama bado naitaka hii umeme ama nigeuze njia, hiyo nayo watanisaidia aje?

Jogoo_Nyalenda:
Bro, Kenya hii bila kona, yaani mtu wa kukuingiza, hupati kitu. Laibrari utapata usingizi mzuri, hiyo tu.

Mukhana_Lurambi:
Mulembe Jakondele. Mimi niko Kakamega na laibrari ndio ilinitoa lakini si vile unafikiria. Sikuenda kuangalia nafasi za leo, hizo hata kwa simu unaziona. Nilienda kuomba magazeti ya zamani. Huwa wanayaweka, ukiuliza vizuri unaletewa fungu la mwezi mzima, zito kama mkungu wa ndizi, na hiyo vumbi utapiga chafya mpaka watu wageuke. Nikachukua daftari nikachora mistari, huku mwajiri, huku mwezi alitangaza, huku vitu anaitisha, nikakaa hapo kama siku nne nanakili tu. Kilichonishangaza ni vile matangazo yanajirudia, unapata mwajiri aliyetangaza mwaka huu alitangaza mwaka juzi pia karibu mwezi uleule na maneno ni yaleyale, hata koma hajasongesha. Mimi ni wa rekodi za hospitali, na miaka hiyo yote nilikuwa natupa jiwe gizani, kumbe karibu kila tangazo lilikuwa linaitisha karatasi moja mimi sina. Nikaitafuta kabla hawajatangaza tena. Walipotangaza wengine ndio wanakimbia kutafuta, mimi nishatuma.

Halafu Jumanne usikose, ndio siku MyGov, ile ya matangazo ya serikali, inakuja ndani ya gazeti na nafasi nyingi za serikali huwa humo. Kununua ya nini na iko pale mezani, wewe ngoja tu mzee fulani amalize kusoma matangazo ya matanga, na hao wazee hawaharakishwi.

Mama_Rafu:
Nimekaa nyuma ya hizo kaunta miaka mingi huku magharibi kwa hivyo wacha nijibu. Mwanangu, usikuje useme "natafuta kazi", nitakupea gazeti la leo na tutakuwa tumemalizana. Sema "nimesomea umeme, nataka kujua watu wa umeme wanaandikwa wapi na wanaitishwa nini", hapo sasa naweza kuinuka tuzunguke na wewe. Vitabu vya CV na intavyuu tafuta rafu ya 650.14, na vile vya kueleza kazi mbalimbali zinafanywaje ni 331.7, namba hazibadiliki ukienda Kisumu ama Nakuru bora laibrari inapanga vitabu kwa namba za Dewey. Lakini fungua kwanza uangalie kimechapwa mwaka gani, kuna vingine bado vinakufundisha kutuma barua na faksi.

Hiyo ya kutojua unataka nini si wewe peke yako. Ukipata kompyuta tafuta kitu inaitwa O*NET Interest Profiler, ni ya wizara ya leba ya Marekani, bure, maswali 60. Hakuna kupita wala kufeli, unasema tu kazi fulani ungeipenda ama hungeipenda, kama kujenga kabati ya jikoni, halafu mwisho inakuonyesha umeegemea wapi, kwa mikono, kwa watu, kwa hesabu na makaratasi na kadhalika. Iko kwa Kiingereza na mishahara utaona huko ni ya kwao, usije ukaitisha mtu dola hapa. Kuna kijana wa uhasibu aliifanya ikamwambia yeye ni wa mikono, akaicheka sana, na ni huyohuyo alikuwa anatupandia meza kututengenezea feni kila ikikwama.

Kuja asubuhi. Aprili, Agosti na Desemba shule zimefunga na viti vinaisha mapema. Beba flashi. Na aki ukimaliza toka kwa imeili yako, nimefungia watu imeili mpaka nimechoka, siku moja nikapata mtu ameacha KRA PIN na namba ya kitambulisho wazi kwa skrini, yeye ashaenda kula mandazi na kuna foleni ya watu sita nyuma ya hiyo kiti.

Fundi_Section58:
Huyo wa kona simpingi sana, kona ziko, lakini hata kona itakuuliza CV iko wapi. Na hiyo CV andika mwenyewe! Mimi hapa Nakuru saiba moja ilinimaliza. Jamaa alinitengenezea kwa mia mbili, nikaona imepangika na ina mistari ya bluu, sikuisoma. Kufika intavyuu mama mmoja wa paneli ananiambia, "Naona unapenda kuogelea, huwa unaogelea wapi?" Mimi na maji tunajuana kwa beseni tu. Nikajibu Lake Nakuru. Wueh. Paneli yote ikanyamaza, hiyo ni maji ya magadi, iko ndani ya park, na kuna viboko. Kumbe jamaa alikuwa anabadilisha jina na namba ya simu tu, ile mingine yote ilikuwa ya mtu mwingine. Kwa hivyo hivyo vitabu vya 650.14 amesema mama soma, lakini usinakili mfano neno kwa neno, utakuwa umerudi palepale kwa yule jamaa.

Kitu ingine, usichome pesa kwa good conduct ya polisi na hizo clearance zote kabla mtu hajakwambia anakutaka. Sheria ya ajira ilirekebishwa 2022, mwajiri anafaa kukuitisha hizo vyeti akiwa tayari kukuandika, sio ukiaplai. Wengine bado wanaitisha mapema kwa hivyo soma tangazo vizuri. Na mtu akikuitisha pesa ya "kuprosesi" toka mbio, mimi nililipa ofisi fulani elfu mbili na mia tano ya medikali siku ya Ijumaa, kurudi Jumatatu napata mlango huohuo wanauza mitumba.

Jakondele:
Wakubwa nimerudi. Nilienda Jumanne, na nikasema vile Mama Rafu aliniambia, neno kwa neno, madam wa kaunta akavua miwani akaniangalia kama mtu wa maana. Nikaletewa magazeti. Mukhana, hiyo vumbi hukudanganya. Nimeandika kurasa tatu za daftari na kuna kitu inarudi rudi hadi nimeona haya, karibu kila tangazo la fundi wa umeme linaitisha leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, na mimi leseni sina, diploma tu. Zile za 2017 na 2018 zinasema ERC, nikafikiria hiyo ni ofisi ilikufa nikaruka, madam ndio akaniambia ni hiyohiyo, jina ilibadilika na sheria ya kawi ya 2019, ikabidi nirudie kurasa zote. Maombi arobaini jameni. Na mimi nalaumu CV.

Yale maswali 60 nilifika la 34 stima ikapotea, watu wote wakaangalia juu kwa balbu, na mimi mtu wa umeme nimekaa tu hapo kama wengine. Nitamalizia Alhamisi.

Sasa naambiwa kwa leseni wanaangalia pia kazi umefanya, na mimi mjengo yangu yote ni ya kulipwa jioni, hakuna barua. Kuna mtu anajua fundi ako na leseni anaweza nichukua hata kwa lanchi tu, bora aniandikie?

Jogoo_Nyalenda:
Baba mdogo ako nayo, anafanya wayaringi huku Nyalenda na Dunga na kijana wake amemuacha juzi. Kuja inbox. Na bado nasema ni kona 😂 lakini hiyo daftari beba, huyo mzee hapendi mtu wa kuongea bila kuandika.