Nimezimwa maiki na mtu asiyejua hata Lodi wa maisha ni nini

Binti_wa_Rufani (mleta mada)

Wakuu nimetoka darasa la mtandaoni saa hii hii na mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua wote, yule ambaye kila sentensi lazima ianze na "nilipokuwa London" utadhani kanyonyeshwa chini ya Big Ben. Tulikuwa watu sitini na kitu, mada mahakama za juu za Uingereza, bwana akasema jaji wa Mahakama ya Juu kule akiitwa Lodi ujue ni mwinyi kamili, ana kiti Bunge la Mamwinyi (House of Lords), asubuhi anahukumu jioni anatunga sheria. Nikanyoosha mkono, nikasema samahani mwalimu, hiyo ni ya zamani, lakini... Akanizima maiki.

Yaani AKANIZIMA MAIKI. Nimefika kwenye "lakini" tu. Nakaona kale kaalama kekundu kenye mstari, nabonyeza, nabonyeza, hakawaki, na yeye anasema "watoto wa Google hao, tuendelee". Na kuna kaka alikuwa anakula chipsi maiki wazi mwanzo mwisho, tunasikia mpaka kachumbari, huyo hakuzimwa!

Mimi hii kitu nimeisoma mpaka majogoo. 1856 walimpa jaji James Parke ulodi wa maisha, ule usiorithiwa, mamwinyi wenyewe wakakataa kukaa naye, ikabidi apewe wa kurithisha ndio wakamfungulia mlango. Ndio maana 1876 ikatungwa sheria kabisa kwamba majaji wa rufani wawe mabaroni, yaani Malodi, wa maisha. Wakawa wanasikiliza rufaa humo humo bungeni, miaka ya mwisho kwenye chumba cha kamati, suti za kawaida, wigi hakuna. LAKINI (ile lakini yangu aliyoikata) mambo hayo yaliisha tarehe 1 Oktoba 2009, wakawa Mahakama ya Juu inayojitegemea, wakahamia jengo la Middlesex Guildhall, ng'ambo tu ya uwanja wa bunge. Wenye ulodi walibaki nao ila marufuku kukaa bungeni wala kupiga kura wakiwa bado majaji. Waliofuata hawapewi tena kwa sababu ya ujaji. John Dyson aliingia Aprili 2010 akiwa Sir tu katikati ya Malodi, mpaka Desemba ikatoka amri ya Malkia waitwe Lodi au Lady wote, kwa heshima. Jina bila kiti. Ndicho nilichotaka kusema, sekunde ishirini zingetosha, akanizima maiki!

Na asije mtu hapa na "inatuhusu nini". Rufaa ya Dedan Kimathi ilifika London, Privy Council, mahakama ya mwisho ya rufaa za makoloni, walikokuwa wanakaa majaji hao hao wa daraja hilo, ikatupwa, akanyongwa 18 Februari 1957. Kwa hiyo wale watu walikuwa nani, na vyeo vyao vilitoka wapi, mimi nataka nijue sawasawa, na nikijua niachwe niseme. Sijazimwa hivi hata na baba yangu mzazi.

Kijiwe_Kisutu
Uzi tayari. Nimevuta kiti na kahawa yangu.

Kipanga2
Pole dada. Mimi alinirudishia kazi ya kurasa arobaini kaandika neno moja tu, "London?" Mpaka leo sijajua alimaanisha nini.

Mgosi_wa_Pwani
Mleta mada na wewe umezidi, kipindi cha saa moja unataka ukimalize na baroni wa 1856. Ningekuwa mimi ningezima na umeme.

Binti_wa_Rufani
@Mgosi_wa_Pwani umeshawahi kuzimwa maiki mbele ya watu sitini wewe? Jibu hilo kwanza.

Wakili_Njiani
Mleta mada yuko sahihi. Naongezea, hata ile ya 1876 mwanzoni jaji akistaafu kiti cha bungeni kinakwisha, mpaka 1887 ndio kikawa cha maisha kweli. Na Scotland majaji wa mahakama yao kubwa wanaitwa Lodi hata kama hawana umwinyi wowote.

Binti_wa_Rufani
ASANTE. Huyu hapa ndiye alitakiwa atufundishe. Badala yake tuna mtu wa kuzima maiki.

Mama_Rukia
Mimi kwa majaji hao namkubali Lady Hale tu, mwanamke wa kwanza kupewa ujaji wa rufani na ulodi wake, 2004, halafu 2019 ndiye aliyesoma hukumu ya kuwa Boris Johnson kalifunga bunge kinyume cha sheria, na buibui lake kifuani, metulia.

Chalii_A
Kumbe alivaa buibui??

Mama_Rukia
Buibui mdudu wewe! Pini ya kubana kwenye nguo.

Zuwena_K
Msinikumbushe buibui. Langu liko kwa fundi tangu Shaabani, kila nikienda "kesho dada", Idi imepita nimevaa la mdogo wangu linaniishia kwenye vifundo.

Kijiwe_Kisutu
Fundi yupi, yule wa ghorofani mwenye redio?

Zuwena_K
Huyo huyo!

Kijiwe_Kisutu
Ana suruali zangu mbili. Juzi nimemkuta kituoni kavaa moja.