Nimeambiwa mbele ya watu kwamba mtu mzima hachezi, anatazama: huyu bwana wa gemu za wakubwa ametukosea heshima

Mkazi wa Kijitonyama (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Ninaandika nikiwa bado nimevaa viatu, kwa maana tangu nitoke pale Makumbusho sijapata utulivu hata wa kunywa maji. Yule bwana mnamjua, wala sina haja ya kumtaja, kwa kuwa hakuna mwanamume mwenye laptopu kuanzia Mwenge hadi Sinza ambaye hajawahi kusimama mbele ya meza yake, flashi mkononi, jicho moja likiwa barabarani kuhakikisha kwamba shemeji hapiti. Ndiye huyo huyo. Leo amenitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala za watu waliokuwa nyuma yangu, kisha akaniambia kwamba mtu mzima hachezi, anatazama.

Alikuwa ameniuzia gemu la watu wazima ambalo alilisifu kwa namna ambayo wazazi wangu hawajawahi kunisifu, na faili lake lilikuwa zito kiasi kwamba nililazimika kufuta picha za harusi ya dada yangu ili lipate pa kukaa. Nikalifungua usiku, watoto wamelala, sauti nimeizima, pazia nimelishusha. Kikatokea chumba, mwanamke amesimama dirishani, na chini yake kisanduku cha maneno. Nikabonyeza, akasema habari za jioni. Nikabonyeza, akasema leo kuna joto. Nikabonyeza, akasema hata jana kulikuwa na joto. Nimebonyeza hadi kipanya kikaanza kukohoa. Hatimaye nikapewa nafasi ya kuchagua: nimwambie kwamba amependeza, au ninyamaze. Nikachagua kunyamaza, na yule mwanamke akajibu, "Asante, una maneno matamu."

Wakuu, nilikuwa nimenyamaza!

Nikarudi kwake leo kwa adabu zote, nikamwuliza, "Samahani ndugu yangu, katika gemu hili mtu anacheza wapi?" Akavua spika za masikioni, moja baada ya nyingine, taratibu, ili foleni nzima isikie vizuri, akasema, "Mzee, ukifika umri wako huchezi, unatazama." Vijana wakacheka. Mmoja wao alikuja kuwekewa gemu la mpira, wala hayakumhusu, lakini ndiye aliyecheka zaidi.

Huyu bwana anadhani gemu za aina hii zilizaliwa mezani kwake. Mwaka 1987 kampuni ya Sierra ya Marekani ilitoa Leisure Suit Larry, kazi ya Al Lowe, aliyewahi kuwa mwalimu wa muziki, na mchezaji alitakiwa kuandika amri kwa maneno yake mwenyewe na kutafuta vitu mjini, tena kabla ya kuingia alijibu maswali ya kupima kama kweli ni mtu mzima. Catherine ya mwaka 2011, ambayo habari yake nzima ni mwanamume aliyenaswa kati ya wanawake wawili, inakutoa jasho kwa kukupandisha ukuta wa maboksi unayoyasukuma na kuyavuta huku chini yako yakiporomoka. Hata kile kipande cha mapenzi kilichofichwa ndani ya gemu la Grand Theft Auto: San Andreas, kilichozua zogo mwaka 2005 hadi Wamarekani wakalipandisha gemu zima kuwa la watu wazima pekee, kilikuwa na kipimo cha kujaza kwa kubonyeza kwa mapigo sahihi. Kitu ambacho hakikukusudiwa hata kuonekana kilikuwa na uchezaji, na hiki nilichokilipia hakina!

Nami naambiwa nitazame. Mzee! Mbele ya foleni!

Kapteni wa Kivuko

Pole sana, mleta uzi. Naomba unisaidie jambo moja tu ili nielewe tukio lilivyokuwa: baada ya kuambiwa kwamba kazi yako ni kutazama, ulimfanya nini, au ulimtazama?

Binamu wa Temeke

Mimi ninamtetea yule bwana, ingawa bado ana elfu tano yangu. Ulichouziwa ni hadithi ya kusoma yenye picha, na ni aina inayoheshimika kabisa. Nyingi hutengenezwa kwa Ren'Py, programu ya bure iliyopo tangu mwaka 2004, ambayo humwezesha mtu mmoja mwenye subira kuandika hadithi yake bila kuajiri jeshi la mafundi. Anayefungua hadithi na kuulizia padi ya kuchezea ndiye mwenye tatizo.

Mkazi wa Kijitonyama

Ndugu Binamu, sijakataa kusoma, na kama ni hadithi basi iwe hadithi. Lakini ukiniwekea njia mbili ni lazima zinifikishe mahali pawili, vinginevyo usiniulize. Nilinyamaza, nikashukuriwa kwa maneno matamu. Aliyetengeneza kitu hicho na aliyekiuza wana dharau moja: wote wameamua kwamba mtu aliyekuja kwa ajili ya mambo ya wakubwa hana akili ya kutumia. Ndiyo maana yule bwana alipata ujasiri wa kuvua spika na kuniita mzee.

Mama Padi

Kwanza niseme kwamba wanawake pia tunanunua pale mezani, kwa hiyo mleta uzi aache kuhesabu wanaume peke yake. Pili, mimi nina malalamiko ya kinyume. Bwana huyo huyo aliniwekea HuniePop, ambamo kila miadi na mpenzi huendeshwa kwa kupanga vito vya rangi vitatu vitatu, ukikosea alama zinaporomoka na msichana ananuna. Nilikesha nikipanga vito. Picha zilipofunguka nilizipita haraka kwa hasira, kwa sababu zilikuwa zinanichelewesha kurudi kwenye vito. Mume wangu aliamka saa kumi alfajiri akidhani ameoa mhasibu.

Kapteni wa Kivuko

Dada, wewe umecheza. Huyu mzee ametazama. Msikae meza moja.

Fundi Redio

Mnamlaumu mtu wa mezani bila kuuliza kwa nini mnapanga foleni kwake. Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, walianza kuruhusu gemu za watu wazima pekee mwaka 2018, na mwenye kadi angeweza kuchagua mwenyewe, akasoma maoni ya waliocheza kabla ya kulipa. Julai 2025 kampuni za malipo zikabana, Steam wakaondoa gemu kadhaa za aina hiyo, na itch.io, duka jingine la namna hiyo, wakazificha za kwao zisionekane katika utafutaji. Kilichoondoka hapo ni yale maoni. Pale Makumbusho hakuna maoni ya mteja aliyetangulia, kwa sababu mteja aliyetangulia ameficha uso.

Binamu wa Temeke

Kwa hoja hiyo ninaungana na Fundi. Ila niongeze kwamba kuna uovu mkubwa kuliko kukosa uchezaji, nao ni gemu kuuzwa vipande vipande kila mwezi. Langu liliishia mlangoni, mhusika ameshika kitasa, maandishi yakasema itaendelea. Nimesubiri hadi nikahama nyumba.

Kijana wa Mbagala

Ninyi mnalia kuhusu kubonyeza, mbona kwetu kubonyeza kwenyewe hakuwezekani? Katika kibanda cha mtaani kwetu nimelipa nusu saa, padi niliyopewa kitufe cha X hakikubali mpaka ukisukume kwa goti, na LUKU ikakata nikiwa ninaongoza. Mwenye kibanda akasema dakika zangu zimekwisha pamoja na umeme.

Mama Padi

Vibanda vyote vya Mbagala vina padi za namna hiyo. Huko kwetu kibovu ni kijiti cha kushoto, mtu wa kwenye skrini anatembea peke yake hadi anagonga ukuta.

Mkazi wa Kijitonyama

Naomba kwa heshima turejee kwenye mada. Nimeambiwa kwamba mtu mzima hachezi, anatazama, na hakuna hata mmoja aliyelaani tamko hilo.

Fundi Redio

Kijana wa Mbagala, mwambie mwenye kibanda aifungue hiyo padi, chini ya kitufe atakuta kipande cha mpira mweusi kilichochakaa. Aulizie Kariakoo, mtaa wa Aggrey, wala asikubali kuuziwa padi nzima.

Kapteni wa Kivuko

Fundi, na ya kutembea peke yake je? Ninayo moja hapa nyumbani.