Nimehamia Moshi, nataka kujitolea: hospitali, kituo cha watoto au tuisheni?

Mgeni_Pasua
Habari zenu wana Moshi. Tumehamia huku kutoka Dodoma, mume wangu kahamishiwa kazi. Tuko Pasua na bado sijazoeana na watu, nikitoka sokoni narudi zangu ndani. Nataka nijitolee sehemu, nisaidie na mimi nipate watu wa kuongea nao. Nawaza kituo cha watoto yatima, hospitali (Mawenzi au KCMC), au kufundisha tuisheni watoto wa msingi. Wenyeji mnanishauri kipi? Nataka niwe nimeamua mwezi huu.

Mrau
Karibu sana dada. Ila hujasema umesomea nini, una nafasi wikendi au katikati ya wiki, na kama una mtoto mdogo. Hapo tutakushauri nini sasa?

Nesi_Mstaafu
Wodini mtu haingii hivi hivi mwanangu, kuna siri za wagonjwa na kuna maambukizi, hata wanafunzi wanakuja na barua za vyuo vyao. Mimi nakushauri changia damu. Damu Salama Kanda ya Kaskazini wako hapa hapa Moshi. Uwe na miaka 18 kwenda juu, kilo zisipungue 50, wanawake kila baada ya miezi minne na wanaume mitatu. Ukishaona ndugu wa mgonjwa anahangaika kupiga simu huku na huku mama anatoka damu leba huwezi kukaa nyumbani tena.

Chalii_Majengo
Damu ni sawa lakini dada anataka watu, akishatoa damu anakunywa soda anarudi kwake. Aende kwa mwenyekiti wa mtaa ajitambulishe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna usafi, achukue fagio na reki atoke na wenzake, hapo ndo atajua nani ni nani.

Mama_Kibosho
Kuhusu kituo cha watoto naomba unisikilize vizuri mdogo wangu. Mimi nilijitolea kwenye kituo kimoja, jina silitaji, nilikuwa napika na kufua nguo za wadogo. Wageni wakikaribia kuja watoto wanaambiwa wavue zile nguo nzuri wavae zilizochanika, wanafundishwa na wimbo wa kupokelea. Siku moja nimetumwa ofisini kuchukua sabuni, nafungua kabati nakuta viatu vya shule vipya, bado kamba zimefungwa kiatu na mwenzake, vimejaa mpaka juu, na nje watoto wanaenda shule na yeboyebo kwenye tope la masika. Nikauliza kwa adabu kabisa, nikaambiwa mama wewe ulikuja kusaidia au kukagua? Nikauliza leseni, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, nikaambiwa iko Dodoma inashughulikiwa. Nilienda kwa afisa ustawi wa jamii nikaeleza yote. Ila kilichoniuma zaidi kuna katoto kalikuwa kanalala mgongoni kwangu, kila mtu anayejitolea anakabeba wiki mbili anaondoka, kakawa kanamwita mama mtu yeyote anayeingia getini. Kwa hiyo kabla hujaenda kituo chochote pita kwanza ustawi wa jamii uulize. Na kama huna uhakika wa kukaa muda mrefu, acha kabisa.

Mrau
Pole mama. Inauma sana hii.

Mwalimu_Mtaani
Na mimi niseme la tuisheni. Nina digrii ya ualimu, nasubiri ajira, nafundisha shule ya serikali kwa kujitolea na ninachopata ni kile wazazi wanachochanga. Akija mtu ambaye mume wake ana mshahara akafundisha bure, wazazi watachanga tena kwa ajili ya nani?

Chalii_Majengo
Kaka huko kwako siyo kujitolea, ni kutumikishwa. Kujitolea ni mtu ana chake halafu anatoa.

Mwalimu_Mtaani
Niite unavyotaka, watoto wa darasa la pili wanajua kusoma kwa sababu yangu.

Nesi_Mstaafu
Wanangu msigombane. Mwalimu hongera, kazi yako inaonekana.

Mgeni_Pasua
Asanteni jamani. Mimi ni mhasibu, nina diploma, na nina mtoto wa miezi saba ananyonya. Nafasi yangu ni asubuhi, jioni hapana. Mwalimu nimekuelewa kaka, la tuisheni nimeliacha.

Nesi_Mstaafu
Kama unanyonyesha damu bado, subiri. Mtume baba mtoto.

Mama_Kibosho
Mhasibu! Ungeanza na hilo. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, na vikundi vingi vinakwama kwenye vitabu tu. Kikundi chetu katibu anaandika hisa na marejesho ukurasa mmoja, siku ya kugawana ni kelele mpaka giza. Ukija kutunyooshea daftari umetusaidia kuliko kufua. Na mtoto unakuja naye, tutambeba kwa zamu.

Chalii_Majengo
Mgeni ashike daftari za hela za watu? Zikipotea wa kwanza kunyooshewa kidole ni nani? Bora saccos, kule kuna ukaguzi.

Mama_Kibosho
Hela hashiki, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu. Yeye anafundisha kuandika tu.

Mrau
Mimi bado nasema tarehe 1 Aprili ni siku ya kupanda miti, aje tupande, msitu wa Rau unahitaji watu.

Chalii_Majengo
Kupanda wanapanda wengi. Wa kumwagilia Agosti wako wapi?

Mrau
Mimi namwagilia. Njoo uone.

Mgeni_Pasua
Mama Kibosho nimekutumia meseji pembeni. Halafu kutoka Pasua kuja huko juu napanda gari gani, na nikiwa na mtoto mgongoni asubuhi kuna baridi sana?

Mwalimu_Mtaani
Hizo asilimia 4 za vijana, kikundi kinatakiwa kiwe na watu wangapi?