Msimu wa ulanzi Iringa na Njombe: mgeni aende lini, na aanzie wapi?

Muulizaji (Tanga)

Ndugu zangu wa Iringa na Njombe, naomba msaada wenu katika kupanga safari. Mimi ni mzaliwa wa Tanga; nimekulia chini ya minazi, na tembo nalijua tangu linaposhushwa na mgema. Mwaka jana mimi na mke wangu tulikwenda Dodoma kuona mashamba ya zabibu, tukafurahi sana kukuta kwamba kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, na tulirudi na chupa kadhaa za mvinyo ambazo hadi leo hatujazimaliza. Sasa tunatamani kuuona mvinyo wa mianzi wa milimani kwenu, yaani ulanzi, pale pale shambani unapogemwa, wala si kuununua dirishani mwa basi. Likizo yangu huwa mwezi wa Agosti. Je, Agosti inafaa? Kati ya Iringa na Njombe tuanzie wapi? Na je, tunaweza kurudi na dumu moja la lita 20 kwa ajili ya wazee wa nyumbani, ambao wameshaniagiza?

Mkulima (Kilolo)

Karibuni sana, kaka, lakini Agosti msije kwa ajili ya ulanzi. Mnazi wenu hugemwa mwaka mzima; mwanzi hautoi kitu mpaka mvua zinyeshe na machipukizi yatoke ardhini, na kwetu mvua ni za msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kati ya Januari na Machi ulanzi huwa mwingi hata bei ikashuka. Agosti mtakuta mianzi mizuri, baridi na upepo, lakini hamtapata hata tone.

Nieleze kazi yenyewe ilivyo, ili mkija mjue mnaangalia nini. Chipukizi likifika kama kimo cha kifua, ncha yake hukatwa kwa kisu kikali na hapo hufungwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi kilichoachwa pingili moja chini ili kikinge utomvu. Asubuhi na jioni mgemaji hurudi, humimina kilichojaa, kisha huondoa ubale wa ule mkato, mwembamba kama ganda la kitunguu, kwa sababu jeraha likikauka utomvu hautoki tena. Hakuna hamira inayotiwa. Chachu imo ndani ya mbeta yenyewe, imebaki tangu jana, na ndiyo maana mgemaji haisugui kwa sabuni. Mkitega sikio kwenye mbeta iliyojaa mtausikia ulanzi ukichemka polepole. Ule wa asubuhi hiyo hiyo huitwa mtogwa: ni mtamu, una povu jeupe na kilevi kidogo sana. Ukilala siku moja au mbili huwa mkangafu, na huo hufikia kilevi cha takribani asilimia 5, sawa na bia.

Mkifika shambani, ulizeni mwenye shamba ameacha machipukizi mangapi bila kuyagema. Chipukizi lililogemwa halikui tena likawa mwanzi, kwa hiyo shina linalogemwa lote kila mwaka huzeeka likafa bila kurithiwa. Marehemu baba alikuwa akifunga nyasi kwenye machipukizi ya kuachwa, na sisi watoto tulijua kwamba hayo hayaguswi. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu siku hizi naona mashamba ambayo kila kinachochomoza kinakatwa.

Mwalimu mstaafu (Njombe)

Mwanangu, mkulima wa Kilolo amekujibu vizuri, nami naongeza habari za njia. Mkitokea pwani mtapanda mlima wa Kitonga wenye kona kali na kufika Iringa kwanza, kwa hiyo anzieni huko. Pale Ipogolo, kabla ya kupanda mjini, ndipo inapoachia barabara ya Kilolo, na huko mianzi imepandwa mabondeni na pembezoni mwa mashamba ya mahindi. Laleni siku mbili, kisha mje kwetu kupitia Mafinga na Makambako. Kutoka Makambako hadi Njombe mjini ni kama kilomita 60 tu za lami. Mkijaliwa muda wa ziada, endeleeni hadi Kitulo, kwa sababu maua ya uwanda ule huchanua katika miezi hiyo hiyo ya mvua, ingawa barabara za huko huteleza na zinahitaji gari imara.

Neno langu kubwa ni kuhusu adabu ya kilabuni. Msalimieni kila aliyeketi kwa "Kamwene", wala msitoe simu ya kupiga picha kabla hamjakaa. Mwenye ulanzi ataonja kwanza mbele yenu, ndipo awapokeze. Pokeeni kwa mikono miwili. Mkeo akitaka ule mtamu aseme wazi kwamba anataka mtogwa, na mwende asubuhi, maana jioni unaobaki ni mkali na mara nyingine umeongezwa maji na sukari. Ninyi watu wa Pwani ndio wenye methali ya mgema anayesifiwa, basi hamtashangaa. Atakayeendesha gari asinywe kabisa: Kitonga si mahali pa kujaribia.

Mfanyabiashara (Makambako)

Kuhusu dumu la wazee, ndugu yangu, nakusihi uliache. Mwaka fulani nilisafirisha dumu mbili kwenda Dar es Salaam, nikazifunga vizuri kwa mifuniko yake, nikaona nimefanya la maana. Kabla ya Morogoro dumu moja lilikuwa limevimba likawa la mviringo, kisha likapasuka kwenye buti na kulowesha mizigo ya abiria wengine, pamoja na begi la mama mmoja lililokuwa na sare za shule za watoto wake. Nilimlipa, lakini aibu ile sijaisahau. Wanaojua huacha mfuniko umelegea au huziba mdomo kwa majani ili hewa ipate njia, na hata hivyo huwa ni safari ya saa chache. Mvinyo wa Dodoma ulisubiri kabatini kwako kwa sababu kuchachuka kwake kulishakwisha kabla ya kutiwa kwenye chupa; ulanzi bado unachachuka, na kwa safari ya kufika Tanga utakuwa umekaribia siki. Wapelekee wazee mbeta tupu, iliyokauka vizuri.

Muulizaji (Tanga)

Nawashukuru wote, na wewe mwalimu, shikamoo. Nimezungumza na mwajiri wangu leo, amekubali kunisogezea likizo hadi wiki mbili za mwisho za Februari. Mzee wetu mmoja, ambaye alikuwa mgema kwa miaka mingi, aliposikia habari ya ubale mwembamba kama ganda la kitunguu alisema kwamba hivyo ndivyo naye alivyokuwa akilikata kole la mnazi, na sasa anataka kuja nasi. Ana miaka sabini na tatu. Je, ataweza kufika shambani?

Mkulima (Kilolo)

Ataweza, mradi mje na koti zito na viatu vya mpira. Shamba letu liko bondeni, na mteremko ukilowa hushukwa taratibu, lakini vijana watamshika mkono. Mfike saa kumi na mbili asubuhi, kabla nyuki hawajaamka, nami nitamwachia yeye kisu.