Binti amefiwa na mama yake, sasa anasoma riwaya za vifo tu. Nimnyang'anye?

Mamdogo wa Tabata
Habari zenu wanajamvi. Naishi na mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 16. Dada aliugua muda mrefu na binti ndiye aliyemuuguza. Baada ya arobaini akarudi shule, anafaulu kama zamani, halii, haulizi chochote. Kazi yake ni riwaya za vijana za Kiingereza, nyingine za mitumba kutoka Posta, nyingine wanarushiana kwenye simu. Nimesoma mbili. The Fault in Our Stars, wapenzi wana saratani na mmoja anakufa. Thirteen Reasons Why, msichana amejiua, kaacha kanda za sauti za kuwaeleza watu walivyomkosea. Hii ya pili imeninyima usingizi. Kaka yangu anasema nichome zote, mtoto anajiitia balaa. Mimi nasita, maana akishika kitabu ndipo uso wake unapokunjuka. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Mzee wa Temeke
Choma. Sisi tulifiwa wadogo, tukalia, matanga yakaanuliwa, maisha yakaendelea. Haya ya kujiua vitabuni ni mambo ya Wazungu.

Mwalimu wa Fasihi
Shikamoo mzee. Rosa wa mwandishi wetu Kezilahabi ni wa Ukerewe, na anajiua mwishoni mwa riwaya ya Rosa Mistika, 1971. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni na vijana wakakisoma hivyo hivyo. Kazimoto wa Kichwamaji (1974), riwaya yake nyingine, naye aliishia huko huko.

Dada, hivyo viwili usivitie kapu moja. Cha saratani, cha John Green (2012), kina kifo, ila Hazel, yule msichana, anabaki, na wazazi wake wamo ndani ya hadithi mpaka mwisho. Kuna mahali anagundua mama yake anasomea ustawi wa jamii kimyakimya, akafarijika kwamba hata yeye akifa mama atakuwa na la kufanya. Mtoto aliyeuguza mzazi atapaelewa hapo kuliko mimi na wewe.

Cha kanda, cha Jay Asher (2007), ndicho chenye walakini. Hannah amekufa lakini bado anasema, na waliomkosea wanakaa kimya kumsikiliza na kujuta. Mtoto mwenye uchungu anaweza kutoka na wazo kwamba ukifa ndipo utasikilizwa, wakati maiti haoni nani anajuta. Halafu mtu mzima aliyemwendea mwishoni, mshauri wa shule, anamwangusha. Netflix walipokifanya tamthilia mwaka 2017 walionyesha hadi tukio lenyewe. Wataalamu walipiga kelele, likaondolewa 2019.

Binti wa Mbagala
Pole sana mama mdogo. Nilifiwa na baba nikiwa kidato cha pili. Wageni walipoondoka jina lake halikutajwa tena nyumbani, kila mtu "jikaze, wewe ndiye mkubwa". Riwayani ndiko nilikomkuta mtu bado analia miezi na miezi baada ya mazishi, na hakuna anayemnyamazisha. Usimnyang'anye hicho.

Ila riwaya hizi zina uongo wao. Sonona ya kitabuni ina sura nzuri: msichana kakaa dirishani, anatokea kijana mpole, mapenzi yanamponya. Yangu mimi ilikuwa kutooga, kulala mchana kutwa na kumgombeza mdogo wangu kisa chumvi imezidi kwenye maharage. Ukingoja alie kama wa kitabuni, utangoja sana.

Mchwa wa Vitabu
Kwa aliyeuguza: A Monster Calls cha Patrick Ness (2011). Wazo ni la Siobhan Dowd, aliyefariki kwa saratani kabla hajakiandika. Conor, miaka 13, mama yake anaumwa, na siri inayomtafuna ni kwamba kuna upande wake unaotaka yote yaishe tu. Wauguzaji wengi wanalo hilo na hawalisemi.

Nesi Mstaafu
Vitabu baadaye. Analalaje? Anakula? Anagawa vitu vyake? Muulize wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku huo, mpeleke Muhimbili au hospitali yoyote ya rufaa iliyo karibu. Akitaka kuongea na mtu asiyemjua, namba ya watoto ni 116, haina malipo.

Mamdogo wa Tabata
Asanteni. Jana nilimwambia nimesoma cha kanda, akaniambia, "Huyo Hannah ananiudhi, kamwachia mama yake nini?" Tukaongea mpaka umeme wa LUKU ukaisha. Swali la nesi nimeuliza, amesema hapana, ila usingizi anaupata saa tisa usiku, kwa hiyo Jumatatu tunaenda kumwona daktari. Kaka yangu nitamjibu mwenyewe. Mwenye hicho cha Patrick Ness anayekiuza, aje inbox, bei iwe ya kibinadamu.